Mhudumu wa Afya wa Kitongoji Chako: Namna ya Kumchagua, Kumtumia na Kumtetea

Tanzania Bara ilihesabiwa kuwa na vitongoji 64,384 na mitaa 4,263. Jumlisha, zidisha kwa mbili, unapata 137,294. Hiyo ndiyo idadi ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao serikali ilitangaza, Januari 2024, kwamba itawafundisha na kuwapeleka kazini katika miaka mitano. Wawili kila kitongoji, wawili kila mtaa. Kwa hiyo mmoja wao ama ameshafika jirani na kwako, ama yuko njiani, ama alifika zamani nawe hukumjua.

Mwongozo huu ni wako wewe unayekaa hapo: mama mwenye mtoto mchanga, baba mwenye kaya, mwenyekiti wa kitongoji, mjumbe wa serikali ya kijiji, mjumbe wa kamati ya zahanati. Mhudumu mwenyewe ana kitabu chake cha mafunzo na sitamfundisha kazi. Lakini yeye, tofauti na muuguzi au tabibu, hana jengo, hana kitanda, hana stoo ya dawa. Anategemea mambo mawili tu: mlango unaofunguliwa akibisha hodi, na zahanati inayompokea mgonjwa aliyemtuma. Mlango ni wako. Zahanati nayo ni yako kuliko unavyodhani, na nitaeleza kwa nini.

Mkutano wa kumchagua

Kazi ya kwanza ni kuhudhuria. Wahudumu hawa huchaguliwa na wananchi mkutanoni, na mahudhurio yakiwa hafifu, wachache waliofika ndio wanaowachagulia wengi waliobaki nyumbani. Kinachofuata kinajulikana: majina yanasomwa, mmoja ni mtoto wa mwenyekiti, mwingine shemeji wa fulani, mikono inanyooshwa, kikao kinafungwa. Sisemi mtoto wa mwenyekiti hawezi kuwa mhudumu mzuri. Nasema aulizwe maswali yaleyale wanayoulizwa wenzake.

Anza na ukazi. Mafunzo huchukua miezi sita, na kijana anayesubiri majibu ya chuo au anayepiga mahesabu ya kuhamia Dar es Salaam ataondoka nayo. Uliza ana nini kinachomweka hapa: shamba, familia, genge, cherehani. Asiye na kazi nyingine yoyote si lazima awe bora. Mara nyingi ndiye wa kwanza kuondoka posho ikichelewa.

Swali la pili waulizwe wanawake, tena wakiwa peke yao: je, huyu unaweza kumweleza kwamba siku zako zimepita na bado mumeo hajui? Wakitazamana na kunyamaza, mmeshapata jibu. Mhudumu ambaye wanawake hawamfungukii atapita nyumba zote mia, atajaza daftari lote, na mimba zitaendelea kugundulika zikiwa na miezi sita.

La tatu ni mdomo. Mkutano hupenda msemaji, na msemaji hodari mkutanoni anaweza kuwa hodari vilevile kilabuni. Ukiwa na shaka, kumbuka ni nani katika kitongoji alijua habari nzito ya jirani akakaa nayo. Mtu wa namna hiyo yupo, na mara nyingi hajaomba nafasi. Mshawishini aombe.

Panapowezekana chagueni mwanamke na mwanaume. Sababu ni ya vitendo: kuna wanaume wanaokohoa mwezi mzima ambao hawatamsikiliza binti wa jirani, na kuna uchungu unaoanza saa nane usiku ambao hakuna atakayemwita kijana wa kiume kuutazama. Na mkutano uitishwe saa ambazo kina mama wanaweza kuja. Mkutano wa saa nne asubuhi, msimu wa palizi, ni mkutano wa wazee na wasio na shamba.

Mipaka ya kazi yake

Baada ya wiki mbili watu wataanza kumwita daktari. Mwacheni asifiwe, lakini msimtake afanye kazi ya daktari. Shinikizo la kwanza huwa ni sindano, la pili ni vidonge. Mhudumu akikubali mara moja kuchoma sindano au kuuza vidonge vya antibiotiki, kitongoji kimempoteza mhudumu na kimepata duka la dawa lisilo na leseni.

Anachoruhusiwa kupima na kutoa kinategemea mafunzo aliyopata, vifaa alivyokabidhiwa na kibali cha wizara, na hutofautiana mahali na mahali. Nchini Kenya, kwa mfano, kwenye kaunti za kando ya Ziwa Victoria ambako malaria ni nyingi, wenzao hupima malaria kwa kipimo cha haraka na kutoa dawa mseto nyumbani. Usidhani wa kwako naye anaruhusiwa, wala usidhani haruhusiwi. Muulize mganga mfawidhi wa zahanati mbele ya mkutano: “Wahudumu wetu wamekabidhiwa nini, na wanaruhusiwa kutoa nini?” Jibu liandikwe, libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Karatasi hiyo moja huzuia ugomvi mwingi, na humlinda mhudumu mwenyewe dhidi ya ndugu zake wanaomdai dawa.

Kuna kazi ambazo ni zake popote alipo: kuzijua kaya zake, kutambua mimba mapema, kufuatilia kadi za chanjo, kupima lishe ya mtoto kwa utepe wa mkono, kumtambua anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi na kumpeleka akapimwe kifua kikuu, kumfuata aliyeacha dawa, kuzungumzia choo na maji ya kunawa. Kubwa kuliko zote ni kuona dalili za hatari kabla ya wenye nyumba hawajaziona.

Akibisha hodi

Hapa nakaa kidogo, kwa kuwa ndipo kazi yote ilipo. Chukua mfano wa ziara moja ya kawaida. Mhudumu, mwanamke wa miaka thelathini hivi, anafika kwenye nyumba yenye mtoto wa miezi minane.

“Hodi hapa.”

“Karibu, mwanangu.”

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Vuta kigoda hicho.”

Anaketi. Anauliza habari za nyumbani, za mahindi, za kuku waliopukutika. Bibi mwenyewe ndiye anayeleta habari ya mjukuu: ana homa tangu juzi, usiku amestuka akakakamaa, ni degedege hilo, na baba yake ametumwa ng'ambo ya mto kumwita mzee wa dawa.

Mhudumu mbovu angeanza hapo hapo kumkosoa bibi. Huyu anasema: “Bibi, wewe umelea wengi kuliko mimi. Niruhusu nimtazame kifua tu.” Anamwomba mama mtoto ampakate, amnyonyeshe kidogo mpaka atulie, kisha apandishe shati. Anaweka simu mbele yake, anahesabu pumzi kwa dakika nzima, kwa sababu mtoto hupumua bila mpangilio na ukihesabu nusu dakika na kuzidisha utadanganyika. Anafika 56. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka kupita kiasi. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, kiwango ni 40. Kwa mchanga wa chini ya miezi miwili, ni 60.

Kisha anamwita bibi asogee. “Tazama hapa chini ya mbavu. Akivuta pumzi panaingia ndani badala ya kutoka nje. Umeona?” Bibi ameona. Kuanzia hapo hawabishani tena kuhusu degedege. Kubonyea kwa kifua ni jambo la zahanati, na kukakamaa kule kwa usiku peke yake kulitosha kumfanya mtoto huyu apelekwe haraka.

Anaandika karatasi ya rufaa, anamwambia mama aendelee kumnyonyesha njiani, anampigia baba amtafutie bodaboda. Ni saa saba mchana, na zahanati nyingi za serikali hufunga huduma za kawaida saa tisa na nusu. Mzee wa dawa akifika atapewa chai na maelezo.

Wewe mwenye nyumba una sehemu yako katika ziara kama hii. Toa kadi ya kliniki, hata kama imelowa au mmeruka mwezi mmoja. Kadi iliyofichwa kwa aibu haimsaidii mtoto. Sema dawa zote ambazo mtoto ameshapewa, za dukani na za miti shamba. Akikuuliza kama mtoto ameshindwa kunyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama alipata degedege, kama amelegea au haamki vizuri, usijibu kwa adabu ya “hajambo kidogo”. Hayo manne ndiyo maswali ya hatari kwa mtoto chini ya miaka mitano, na “ndiyo” moja inatosha kuondoka sasa hivi.

Kuhara, kinyume chake, kwa kiasi kikubwa ni vita ya nyumbani, alimradi hakuna dalili hizo wala damu kwenye choo. Pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji safi na salama, itumike ndani ya saa 24, iliyobaki imwagwe. Pamoja nayo zinki, kila siku kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Kina mama wengi huacha zinki siku ile mtoto anapocheka, na hapo mhudumu anayerudi siku ya tano kuuliza “vimebaki vidonge vingapi?” anafanya kazi kubwa kuliko aliyeviandika.

Utepe wa mkono nao unaweza kuusoma mwenyewe. Unazungushwa katikati ya mkono wa juu wa kushoto kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Kijani ni sentimita 12.5 na kuendelea. Njano ni kuanzia 11.5 mpaka kabla ya 12.5: uji uboreshwe, apimwe tena. Nyekundu ni chini ya 11.5: huyo ana utapiamlo mkali, apelekwe bila kungoja mavuno. Mtoto mwenye miguu iliyovimba anapelekwa hata kama utepe unasema kijani.

Mimba, njia na usiku

Mhudumu akijua mimba kabla ya wiki ya 12, mama anapata nafasi ya kupima damu, shinikizo na mkojo mapema. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mahudhurio manane, na safari ya nane haiwezekani kwa aliyeanza kliniki mwezi wa saba. Mwambie mhudumu mapema. Ukiona aibu, mwambie mkiwa kisimani.

Kazi yake ya pili kwa mjamzito ni mpango wa njia, na huu haufanywi na mama peke yake. Mwanaume, kaa kwenye mazungumzo hayo. Nani ataamua kama wewe hupo? Fedha ya akiba iko wapi, na nani mwingine anajua? Nani atabaki na watoto? Nani anapiga simu? Damu inayotoka, kichwa kinachouma vikali, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, mtoto kuacha kucheza tumboni, chupa kupasuka bila uchungu: hayo hayasubiri kikao cha ukoo.

Ihifadhi namba 115 kwenye simu zote za nyumba. Ni ya mfumo wa m-mama, haina malipo, na ni ya dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Anayepokea huuliza maswali, kisha hutuma gari la wagonjwa, na pasipokuwa na gari karibu hutuma dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye mfumo ndio unaomlipa. Kijiji chenye barabara inayopitika na hakina dereva hata mmoja aliyesajiliwa kina swali la kumuuliza mganga mfawidhi. Kwa maswali mengine ya afya yasiyo ya dharura, Wizara ya Afya ina namba 199, nayo ya bure.

Mama akirudi nyumbani na mtoto, mhudumu aje siku za mwanzo kabisa, asingoje arobaini. Vifo vingi vya watoto wachanga, takriban robo tatu, hutokea katika wiki ya kwanza. Mila ya kumficha mtoto isimfungie nje mtu wa kumtazama kitovu, joto na unyonyaji. Anawe mikono, aingie.

Karatasi ya rufaa

Ukinilazimisha niseme mpango mzima huu unafia wapi, nitasema unafia kwenye benchi la zahanati.

Mrudie yule mama wa mtoto mwenye pumzi 56. Amefika na karatasi. Kuna foleni ya watu thelathini. Karatasi haijaulizwa na mtu. Anakaa saa mbili, anaitwa, anaambiwa “nani huyu aliyekuandikia, anajua nini?”, kisha anaandikiwa dawa ambayo haipo na kuelekezwa duka la dawa muhimu. Mama huyu hatakuja tena kwa karatasi. Bibi hatafunua tena kifua cha mjukuu. Jioni hiyo hiyo kitongoji kizima kimeshajua, na mhudumu hana alichokosea.

Dawa ya hili iko mikononi mwa kamati ya usimamizi ya zahanati, ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha nyingi za vituo huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo chenyewe, nayo kamati ina wajibu wa kujua zilivyopangwa na zilivyotumika. Ndiyo maana nilisema zahanati ni yako kuliko unavyodhani. Mjumbe unayemjua kwa jina, anayekaa nyumba ya nne kutoka kwako, ana haki ya kuuliza dawa gani ziliagizwa Bohari ya Dawa na zipi hazikuja.

Mwambieni apeleke mambo matatu. Mwenye karatasi ya rufaa yenye dalili ya hatari aonwe kabla ya foleni, na watu wa foleni waelezwe kwa nini. Kipande cha marejesho kijazwe na kirudi kwa mhudumu kabla ya wiki kuisha, kikisema mgonjwa aliugua nini na afuatiliwe vipi. Na mara moja kwa mwezi wahudumu wa vitongoji vyote wakae na mganga mfawidhi wapitie rufaa moja moja: ipi ilifika, ipi haikufika, ipi haikuwa ya lazima. Hili la mwisho ndilo hunoa jicho la mhudumu. Bila marejesho atakosea kosa lilelile miaka mitano bila kuambiwa.

Na nyie wa zahanati mnaosoma hapa: muuguzi anayemdharau mhudumu mbele ya mgonjwa anajiongezea foleni. Kuhara kulikotibiwa kwa ORS nyumbani ni benchi moja tupu kesho.

Mgonjwa asiyekwenda ana sababu, na mara nyingi ni nauli. Mhudumu akiandika rufaa aulize hapo hapo, “utafikaje?” Swali hilo lisipoulizwa, karatasi hukaa kwenye kibweta.

Mtaani mjini

Mjini mambo ni mengine. Mtaa una maelfu ya watu, wapangaji wanahama kila miezi sita, mageti yana mbwa, na mama mwenye mtoto yuko sokoni kuanzia alfajiri. Mhudumu anayezunguka saa tano asubuhi atawakuta wasaidizi wa kazi na wazee. Wenyeviti wa mitaa, wawekeni wahudumu kwenye vikundi vya simu vya mtaa, watambulisheni msikitini na kanisani, waombeni wapite Jumamosi alasiri. Mwenye nyumba, mruhusu aingie kwa wapangaji wako wote. Vyumba sita vinavyotumia choo kimoja ndivyo anavyovitafuta. Na yule dada wa kazi wa miaka kumi na saba naye ana afya yake. Asiulizwe habari za mtoto wa bosi tu.

Posho

Tuseme wazi: kazi hii imekufa mara mbili kwa sababu ya fedha. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilionyesha kwamba wanavijiji wakiwa na redio na vikundi vya kujadiliana huchimba vyoo kwa maelfu, na Azimio la Alma-Ata la 1978 likamfanya mhudumu wa kijiji kuwa sera ya dunia. Miaka ya 1980 vijiji vyetu vikapata wahudumu, na serikali za vijiji ndizo zikatarajiwa kuwalipa. Uchumi ulipoyumba hazikuwa na kitu, na wahudumu wakarudi mashambani. Katikati ya miaka ya 2010 vijana wakasoma mwaka mzima vyuoni, wakapata vyeti, na wengi wao hawakupata ajira. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatamka katika mwongozo wake kwamba wahudumu hawa walipwe kwa kadiri ya kazi, saa na wajibu wao. Kenya ilipozindua wahudumu 100,000 na mikoba yao ya vifaa, Septemba 2023, ilipanga posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Rwanda imewaunganisha wahudumu wa vijiji katika vyama vya ushirika, malipo ya utendaji yakiwa mtaji wa mradi wa pamoja.

Kijiji chako hakiwezi kulipa mshahara, na kisijaribu; historia imeshajibu. Kinaweza kulinda. Posho ikichelewa isiwe siri ya mhudumu na mke wake. Mtendaji aandike barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, nakala kwa diwani, na diwani aulize kwenye baraza. Kijiji kinaweza pia kutoa vitu vidogo vyenye uzito: nauli ya kikao cha mwezi, buti za mvua, sehemu ya kuchajia simu au kishikwambi ofisini bila malipo. Na kinaweza kukataa kwa niaba yake. Kila mradi unaoingia wilayani humwona mhudumu kama kibarua wa bure: huyu ana daftari la vyandarua, yule la lishe, mwingine la mifugo. Mtendaji ana haki ya kusema, “Mtu wetu ana daftari moja. Kama mna jipya, mpitieni mganga mfawidhi, na mje na posho.”

Usimpe mhudumu fedha kwa ziara, hata akikudokeza. Mboga za majani na mayai ni ukarimu. Shilingi elfu mbili ya “kunyoosha miguu” ni ada, na jirani asiyekuwa nayo atafunga mlango.

Siri, hesabu na malalamiko

Kila robo mwaka mhudumu asome hesabu zake mkutanoni bila jina hata moja: kaya zisizo na choo, watoto waliokosa chanjo ya miezi tisa na ya miezi kumi na minane, wajawazito walioanza kliniki mapema, rufaa zilizoandikwa na zilizorudi. Katika kitongoji kidogo hata namba husema jina; “mmoja ana kifua kikuu” linatosha kumtenga mtu. Hesabu za magonjwa yenye unyanyapaa zisomwe za kijiji kizima, au zibaki zahanati.

Akitoa siri ya mtu, akiuza dawa, akiruka nyumba kwa ajili ya chama, dini au ugomvi wa mpaka wa shamba, usianze na mtandao wala kilabu. Mwendee mwenyewe kwanza na mtu mzima mmoja. Pili mganga mfawidhi, ambaye ndiye msimamizi wake wa kazi. Tatu mkutano uliomchagua. Lakini siri ikivuja, ruka hatua ya kwanza. Mganga mfawidhi aambiwe siku hiyo hiyo.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Kabla ya ujao, mpelekee mtendaji ajenda moja kwa maandishi, uandike hivi: taarifa ya wahudumu wa afya, rufaa zilizopokelewa na zahanati, hali ya dawa, hali ya posho. Weka sahihi yako, tafuta na majirani watatu waweke zao. Akisema muda hautatosha, omba iwe ya kwanza mara tu muhtasari wa kikao kilichopita utakapomaliza kusomwa.